Nimelipa kodi TRA, je, bado nadaiwa zaka?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina duka la vitambaa Kariakoo. Nalipa kodi ya mapato na VAT, na pesa hizo hujenga hospitali. Naweza kunuia ziwe ndiyo zaka yangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hapana, ndugu yangu, hata ukinuia. Zaka ni ibada. Kiwango chake na wanaopewa vimewekwa na Mwenyezi Mungu. Surat At-Tawba aya ya 60 imetaja mafungu manane, na ujenzi wa barabara haumo. Kodi hupanda na kushuka bajeti inaposomwa, lakini asilimia 2.5 ya zaka haiguswi na bunge lolote.

Tangu zamani dola ya Kiislamu ilikuwa na mapato mengine mbali na zaka. Waislamu walipoifungua Iraq, Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikataa kuwagawia askari mashamba ya Sawad, ardhi yenye rutuba ya huko. Aliyaacha mikononi mwa wenyeji, akayatoza kharaji, yaani kodi ya ardhi, ili hata watakaokuja baadaye wapate fungu lao. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, naye aliruhusu matajiri watozwe zaidi pale hazina inapokuwa tupu na haja ni ya kweli. Kwa hiyo kodi ilipe, na zaka nayo itoe.

Sasa hesabu. Hauli, yaani mwaka mzima wa zaka, ikitimia, hesabu majora yote kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo. Wengi hukosea hapa, wanashika bei ya kununulia. Meza, makabati na pikipiki ya kupelekea mizigo viache. Tuseme vitambaa ni shilingi milioni 60, taslimu milioni 9, na madeni unayotaraji kulipwa milioni 3: jumla milioni 72. Ikiwa imefika nisabu, kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, nayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, zaka ni 1,800,000. Madhehebu mengine hutoa kwanza deni unalodaiwa, lakini kauli yenye nguvu kwetu Mashafii ni kuwa deni halizuii zaka.

Kodi uliyokwisha kulipa imeshatoka mkononi, haihesabiwi tena. Usiikate mara ya pili kwenye ile 1,800,000. VAT uliyopokea kwa wateja na hujaiwasilisha, naiona ni amana, itenge kabla ya kuhesabu taslimu.

Na hauli ni ya mwezi mwandamo. Anayefunga hesabu kila Desemba huchelewa takriban siku 11 kila mwaka, na baada ya miaka 33 huwa ameruka zaka ya mwaka mzima.