Miche 36: safu zinapangika kwa njia tano
Kaka wa Nachingwea, umeuliza miche yako 36 ya mikorosho inapangika vipi kwa safu zilizo sawa bila mche kubaki, na kwa nini 36 ina vigawo (namba zinazoigawa bila baki) tisa, yaani idadi witiri.

Njia ni tano: 1 kwa 36, 2 kwa 18, 3 kwa 12, 4 kwa 9 na 6 kwa 6. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12, hiyo 6 kwa 6 inakula mita 60 kila upande. 1 kwa 36 isahau, labda unapanda kando ya barabara ya Masasi!

Vigawo hutembea wawili wawili: 1 na 36, 2 na 18, na kadhalika. 6 anajikuta na 6 mwenzake, kwa hiyo anahesabiwa mara moja tu. Namba zote za mraba, yaani namba mara yenyewe kama 6 kwa 6, ziko hivyo, zisizo za mraba hazina tabia hiyo.

Utamu wenyewe uko hapa. Panga korosho mezani: moja juu, mbili chini yake, kisha tatu. Safu ya nane ikijaa, zimetimia 36. Ni mraba na ni pembetatu pia! Ukiacha 1, hakuna ndogo zaidi yenye sifa zote mbili. Inayofuata ni 1,225, yaani 35 kwa 35.

Na aliyesema 36 ni namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake ukiitoa yenyewe, hapana ndugu yangu. Vigawo vyake hivyo ukivijumlisha vinafika 55. Kamilifu ni 28: 1+2+4+7+14.