Msimlete Ami Huku kwa Tumaini la Matibabu ya Bure

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Ujumbe wenu kuhusu Ami nimeusoma, na nimeona ni afadhali niujibu kwa maandishi, maana kwenye simu mtanikatiza. Mnasema kidonda cha mguuni hakifungi, sukari haishuki, na kwamba mmekubaliana huko Langoni, Lamu, aombewe viza ya matembezi, afikie kwangu Houston, kisha nimpeleke hospitali, kwa kuwa mtu aliyekuja likizo amewahakikishia kwamba Marekani hakuna hospitali inayoruhusiwa kumfukuza mgonjwa asiye na pesa. Huyo amewapa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayofilisi watu.

Ni kweli ipo sheria ya mwaka 1986 inayozilazimu hospitali zenye chumba cha dharura kumpima kila anayeingia na kumtuliza hali yake ikiwa yumo hatarini, awe na bima au asiwe nayo. Lakini sheria hiyo haikusema kwamba ni bure. Akishatulizwa hutolewa, na ankara humfuata kwa posta hadi nyumbani, na asipolipa deni huweza kupewa wakusanyaji madeni ambao hawachoki kupiga simu. Tena sheria hiyo haimhusu mwenye kisukari anayehitaji dawa ya kila mwezi, wala kidonda kinachotaka kusafishwa na kufungwa upya kwa wiki nyingi. Ami angepokewa siku ambayo mguu umeshaoza. Na huko ubalozini, mtu akisema anakwenda kutibiwa huulizwa ni nani atakayelipa na kwa fedha zipi. Akisema anakwenda kutembea tu, atakuwa amedanganya, na mimi sitatia jina langu katika uongo huo.

Mtasema kwamba mimi nina bima. Ninayo, na ndiyo inayonikera kuliko kutokuwa nayo. Kazi yangu ya kutunza wazee majumbani haina bima ya mwajiri, kwa hiyo nimejinunulia ile ya bei ya chini kabisa katika soko la bima lililoanzishwa na sheria ya afya ya Rais Obama. Kila mwezi nalipa, lakini nikiugua, zaidi ya ukaguzi wa kinga, gharama karibu zote ni zangu mpaka nifikishe dola elfu kadhaa, ndipo kampuni ya bima ianze kutoa chake. Kikomo cha fedha ambazo mtu mmoja angeweza kutozwa mfukoni mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya, mbali na yale malipo ya kila mwezi. Meno hayamo, macho hayamo. Ndiyo sababu nilipokuja likizo niliyatengeneza meno yangu Mombasa, na nyinyi mkanena kwamba nimekuwa bahili. Hapa nawajua watu wenye bima kama yangu ambao kifua kikiwabana huita teksi badala ya gari la wagonjwa, kwa sababu ankara ya gari hilo huwatisha kuliko maumivu yenyewe.

Sasa, msidhani kwamba Wamarekani wenyewe hawayaoni haya. Wamegombana juu yake tangu kabla sijafika. Sheria ya Obama ilitiwa saini mwezi Machi 2010. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid, ambayo ni bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, na Texas, jimbo ninaloishi, mpaka leo imekataa kuipanua. Mwaka 2017 seneta John McCain wa chama cha Republican alikikatalia chama chake mwenyewe, na jaribio la kuifuta sheria ile likaanguka kwa kura 51 dhidi ya 49. Halafu ofisi za serikali kuu zikafungwa kwa kukosa bajeti iliyopitishwa na Bunge, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, na kiini cha ugomvi kilikuwa ruzuku iliyoongezwa mwaka 2021 ili watu kama mimi tuweze kulipia bima. Ofisi zikafunguliwa, ruzuku ya nyongeza ikaisha mwisho wa mwaka, na malipo yangu yakapanda. Haya si mambo ya kwenye televisheni kwangu, bali ni fedha zilizopungua katika zile ninazowatumia.

Bibi ninayemtunza ana Medicare, bima ya serikali ya wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi, iliyopitishwa mwaka 1965. Huniambia, nikiwa nampangia vidonge vyake vilivyolipiwa na serikali, kwamba serikali haina shughuli katika matibabu ya watu. Nanyamaza, kwa kuwa ni mwajiri wangu na kwa kuwa, kusema kweli, nampenda.

Nanyi mnailalamikia SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na mna haki ya kulalamika inapochelewesha malipo na mgonjwa akaambiwa anunue dawa nje. Hata hivyo, mchango wa Ami kwa mwaka mzima, ambao mimi ndiye niliyeulipa, haufiki gharama ya bima yangu ya mwezi mmoja. Nimemkatia yeye bima nikiwa mimi mwenyewe naahirisha vipimo vyangu, na sikusema, kwa sababu aliyeondoka hana uso wa kulalamika mbele ya waliobaki na wazee. Leo nimesema, msinirudishie kwa pole.

Wala sisemi watu wasije. Mtoto wa shangazi akipata nafasi yake ya uuguzi na aje, hospitali kubwa huwapa wafanyakazi wake bima nzuri, ataishi vizuri kuliko mimi. Lakini aje na mkataba uliotaja bima, asije kwa matumaini, na asije kabisa kama ana maradhi ya kudumu ambayo huko anayatibu kwa fedha anazozimudu. Ningekuwa mimi, huenda nisingekuja. Huenda pia ningekuja tena, maana ada za shule za wadogo zetu hazikutoka baharini.

Kuhusu Ami, apelekwe kesho Hospitali ya King Fahd, asisubiri Jumatatu. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari hakingoji kikao cha ukoo. Asikipake dawa za kienyeji, asitembee pekupeku, na apimwe sukari mbele ya mmoja wenu aandike namba. Wakisema aende Mombasa, avushwe hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, siku hiyohiyo; nauli, malazi ya atakayefuatana naye na gharama ambazo SHA haitazilipa nitazituma mimi. Nitumieni picha ya barua ya daktari na jina la kila dawa, msinitumie jumla ya fedha peke yake kama mlivyofanya mara iliyopita.