Mbegu ya Saga Haitaki Haraka

Vijana wanaoniuliza namna ya kuanza kazi ya kutunza mbegu za kienyeji hapa Nairobi huja na orodha ndefu: kunde, terere, managu, mrenda, malenge ya kila umbo. Mimi huwaambia waanze na aina mbili tu za mbegu. Hawapendi jibu hilo.

Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja anayeuza mboga Kangemi alinipa kiganja cha mbegu za saga, ile mboga ya majani ambayo wengine huiita mgagani, alizovuna wiki hiyo hiyo. Nikapanda nusu. Wiki tatu, kimya. Nikamrudia nikilalamika kwamba ni mbovu. Akacheka. "Mwanangu, hizo bado zimelala. Ngoja mvua ijayo."

Nusu iliyobaki niliipanda miezi mitano baadaye, ikaota kama nywele. Kumbe mbegu mpya ya saga hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Nilikuwa na cheti cha kilimo cha bustani, na huenda siku tuliyofundishwa hayo nami nilikuwa nimelala.

Tangu hapo kila bahasha yangu ina tarehe ya kuvuna, jina la aliyenipa, na anavyoipika. Hilo la mwisho usilidharau: saga bila maziwa humshinda mgeni kwa uchungu, naye hatarudi kuiomba.

Malenge ndiyo yatakayokutesa. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba la jirani, na tunda utakalovuna litaonekana sawa kabisa. Uchotara hujitokeza ukipanda mbegu zake. Kwa hiyo jioni funga kwa uzi maua ya kike na ya kiume yanayokaribia kufunguka. Alfajiri pakaza chavua kwa mkono, kisha funga tena ua la kike.

Kausha mbegu kivulini, si juu ya mabati. Kunde iliyokauka vizuri huvunjika ukiiuma, ikibonyea, rudisha. Ukipata aina adimu, nenda Benki ya Jeni, ghala la taifa la mbegu lililoko Muguga, uulize kama wataihifadhi, maana panya wa nyumbani hana huruma. Pesa? Mimi hula kwa kuuza miche na mboga.

Mwaka juzi yule mama aliuza saga yake yote, hakuacha hata shina moja la mbegu. Akaja kwangu. Nilipomkabidhi bahasha, hakushukuru kwanza; aliigeuza akatafuta tarehe.