Kiwanda kinamchangia mgombea, na vocha naandika mimi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ninatunza hesabu katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tangu joto la uchaguzi lianze, meneja ananiagiza nitoe fedha taslimu za mgombea ubunge, na kwenye vocha niandike kuwa ni manunuzi ya barafu na mafuta ya boti. Nimeshaandaa vocha mbili. Ofisini inasemwa waziwazi kuwa mheshimiwa akipita, ukaguzi wa samaki wadogo utalegezwa. Meneja ni Mwislamu anayesali. Anasema yule bado si kiongozi, kwa hiyo anachopewa ni hadiya, na kwamba sehemu ya fedha hizo imenunua tangi la maji la msikiti wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki. Je, mshahara wangu ni haramu? Niache kazi? Nina watoto watatu shuleni na mama mgonjwa Sengerema.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu yangu, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mshahara wako si haramu. Umeajiriwa kulipa wavuvi, vibarua na umeme, kupokea hesabu za mzigo na kuandaa marejesho ya kodi. Kazi hiyo ni halali, na ujira wake ni halali. Hata ikiwa mali ya kampuni imechanganyika, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema inajuzu, pamoja na karaha (yaani haipendezi lakini si haramu), kuamiliana na mwenye mali ya namna hiyo, madhali hujui kuwa hiki hasa unachopewa ndicho cha haramu. Kilicho haramu ni zile vocha mbili, pamoja na bahasha yoyote ya asante uliyopewa kwa ajili yake nje ya mshahara. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi leo. Nitalirudia hilo.

Kwamba rushwa ni haramu na kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji, hakuna Mwislamu asiyelijua. Lakini hoja ya meneja wako husikika katika mialo yetu kila msimu wa kampeni, na imevikwa kanzu ya fiqhi. Hiyo ndiyo ya kujibiwa.

Anasema mgombea bado hajashika madaraka, basi hakuna cha kuhongwa. Na amtazame Ibn al-Lutbiyyah, ambaye Mtume alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi alisema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa mimi hadiya. Mtume akapanda mimbari akauliza: mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa hadiya? Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Sasa tumia kipimo hicho. Mgombea huyu kabla ya kuchukua fomu alikuwa akiishi mji huuhuu. Je, kiwanda kilimpelekea mamilioni alipokuwa na harusi, au alipofiwa? Akishindwa kesho, wataendelea kumpa? Kama jibu ni hapana, basi kinachonunuliwa ni kiti atakachokikalia. Kulipa kabla bidhaa haijafika hakuigeuzi biashara kuwa zawadi.

Wala si kweli kwamba sheria yetu inatazama tu fedha inayotolewa baada ya mtu kuapishwa. Katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyempa kiongozi ahadi ya utii kwa ajili ya dunia tu: akipewa, anatimiza; asipopewa, hatimizi. Hiyo pia imepokewa na Bukhari na Muslim. Ikiwa anayeunga mkono kwa malipo ameonywa kwa adhabu hiyo, basi anayeununua uongozi mzima aangalie nafsi yake.

Wapo wanaokimbilia neno takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ni kweli kwamba mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikairuhusu, lakini Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba: vilimpendelea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo. Ni ajabu mahakama ya kidunia ilione hilo, kisha mtu wa swala tano asilione.

Hoja nyingine ni ya darura, yaani kulazimika: viwanda vingine vinafanya, tusipofanya tutafunga na wafanyakazi watakula nini? Wanazuoni wengi wamemruhusu mtu kutoa fedha anapozuiliwa haki yake iliyo wazi, akiwa hana njia nyingine, wala hamdhuru mtu; dhambi humwangukia anayepokea. Mfano ni kibali cha kusafirisha mzigo uliotimiza masharti yote, kinachokaliwa na ofisa makusudi. Masharti hayo matatu yapo kwenu? Mnachotaka ni sangara wa chini ya sentimita 50 apite mlangoni, samaki aliyekatazwa kwa sababu hajafika umri wa kuzaa. Hiyo si haki yenu iliyozuiliwa. Na madhara yake yako wazi: mvuvi wa Ukerewe na Kome atakuta ziwa halina kitu, atasafiri mbali zaidi, atachoma mafuta mengi zaidi, na atarudi na kilo chache. Mbaya zaidi, nyavu zisizoruhusiwa za mvuvi mdogo wa Kayenze zitaendelea kukamatwa na kuchomwa moto ufukweni, huku kiwanda kinachonunua samaki wa nyavu hizohizo hakiguswi. Mtume alisema waliokuwa kabla yetu waliangamia kwa hili hasa: akiiba mtukufu walimwacha, akiiba mnyonge walimsimamishia adhabu.

Kisa kinachofanana sana na chenu ni cha sahaba wa Mtume, Abdullah bin Rawaha, Allah amridhie, na kimo katika Muwatta ya Imam Malik. Alikuwa akienda Khaybar kukadiria mavuno ya tende. Wenyeji wakamkusanyia mapambo ya wake zao, wakamwambia: haya ni yako, tupunguzie, ufumbe macho katika mgawanyo. Akawajibu kuwa walichomletea ni rushwa, na rushwa ni suhti, yaani chumo la haramu, nasi hatuili. Nao wakakiri: kwa uadilifu huu ndio mbingu na ardhi zimesimama. Waliotoa wenyewe walijua walichokuwa wakikitoa. Meneja wako pia anajua, ndiyo maana akakuambia uandike barafu.

Hapo ndipo hoja yote inapovunjika. Hadiya haifichwi chini ya jina la barafu. Mchango halali kwa chama una njia yake: wenye hisa wanakubali, unapita benki, unaandikwa kwa jina lake, na mpokeaji anautangaza kama inavyotaka Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Wangefanya hivyo bila kufunga ahadi yoyote, fatwa yangu ingekuwa nyingine.

Sasa wewe. Mtume alipomlaani mla riba alimtaja pia mwandishi wake na mashahidi wake, akasema wote ni sawa. Mwenye kalamu hasalimiki kwa kusema nilitumwa. Vocha ina nafasi ya aliyeandaa, aliyehakiki na aliyeidhinisha. Jambo likifumuka, jina la kwanza kuonekana ni lako. Nawe unajua kwa nini hufumuka. Barafu ina uwiano na kilo za samaki walioingia, na mafuta yana uwiano na safari za boti. Mkaguzi akikuta barafu imepanda mwezi ambao mzigo umeshuka, ataomba risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Hapo ama hazipo, ama zimetafutwa kwa muuzaji aliyekubali kudanganya. Na kodi ikidaiwa kurejeshwa kwa risiti hizo, huo ni wizi wa pili, wa mali ya umma. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa la kutumia nyaraka za kumpotosha mwajiri. Wenye hisa wasiojua ndio waajiri wako hasa, si meneja peke yake.

Kwa hiyo vocha ya tatu usiiandae. Mwambie meneja kwa adabu, mkiwa wawili: siwezi kuandika kitu ambacho hakikununuliwa, naomba agizo hili kwa maandishi, na matumizi yaandikwe kama yalivyo. Mara nyingi neno maandishi hutosha kulimaliza jambo. Vocha mbili za nyuma ziombee marekebisho kwa barua fupi ya ndani yenye tarehe, namba za vocha na kiasi, bila kumtukana mtu, na ubaki na nakala ya barua yako. Toba yako haikamiliki bila hilo, kwa sababu ndani yake mna haki za watu. Bahasha, kama uliipokea, irudishe kwenye hesabu za kampuni. Ikishindikana, itoe kwa masikini bila kuhesabu thawabu.

Wakikataa kurekebisha, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana simu ya bure, 113, na ipo Sheria ya mwaka 2015 inayomlinda mtoa taarifa. Sikulazimishi kukimbilia huko asubuhi ya kwanza, mtu mwenye mama mgonjwa. Anza kutafuta kazi nyingine kimyakimya ukiwa bado unalipwa, na usimwambie mama kitu mpaka pawe na jambo la kumwambia.

Tangi la msikiti: waliotawadha kwa maji yake udhu wao ni sahihi na swala zao ni sahihi. Lakini kamati ikishajua asili ya fedha, isilipokee, na kama limeshafungwa ilirudishe kwa kampuni, hata kama waumini watachota ziwani kwa ndoo hadi wachange la kwao. Msikiti ukilibakiza, imamu wa mwaloni atapata wapi mdomo wa kuisema rushwa Ijumaa ya kabla ya kura?

Na wakikufukuza kwa kukataa, sheria ya ajira haihesabu kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi pale anapotoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa. Peleka malalamiko yako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wengi hupoteza haki zao kwa kumsubiri meneja atulie, siku zikapita. Wewe usisubiri.

Wallahu aalam.