Mbinu zangu za kufundisha chimbuko la binadamu kwa wanafunzi wa sanaa

Swali litakuja tu, na huja mapema: "Mwalimu, kama tumetokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?" Usiliahirishe. Ukilijibu vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Mimi huchora ukoo ubaoni: babu mmoja, watoto, wajukuu kila upande. Binamu yako hakukuzaa, ila babu yenu ni mmoja. Sisi na sokwe ndivyo tulivyo, na inakadiriwa babu huyo aliishi miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita. Ile picha ya nyani anayeinuka hatua kwa hatua mpaka akawa mtu, achana nayo kabisa. Ndiyo inayowapotosha.

Wanafunzi wa sanaa hawana hamu ya kromosomu, lakini kuhoji ushahidi wanakuweza sana. Basi wape kesi. Mwaka 1959, huko Bonde la Olduvai, Tanzania, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus (kwa kifupi Zinj), zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, la miaka ipatayo milioni 1.75. Palepale palikuwa na zana za mawe, na mumewe Louis akaamini Zinj ndiye aliyezichonga. Miaka michache baadaye ikapatikana mifupa ya zamadamu mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 akapewa jina Homo habilis, na sifa ya kuchonga zana ikahamia kwake. Waulize: ushahidi gani ulibadilisha hukumu? Je, zana kukutwa karibu na fuvu kunatosha kumtambua fundi? Hapo waache wabishane, hata kipindi kiishe.

Kisha watoe nje. Lowanisha mchanga, mwanafunzi mmoja apite peku, wenzake wapime hatua na kuchunguza kidole gumba kimeelekea wapi. Ndipo uwaeleze nyayo za zamadamu za Laetoli, Tanzania, zilizohifadhiwa kwenye majivu ya volkano kwa takriban miaka milioni 3.66. Kidole gumba kiko sambamba na vingine, hakikutanuka kando kama cha sokwe. Watagundua wenyewe kwamba zamadamu walitembea wima zamani sana, kabla ubongo haujawa mkubwa.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo ni mfano mzuri wa jinsi mazingira yanavyochagua sifa za kurithi, ila uiguse kwa upole, kwani huenda darasani yumo mgonjwa au aliyefiwa na ndugu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea penye malaria nyingi, ingawa anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Kuhusu dini, kuwa muwazi tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi akisema imani yake haikubali, usimbeze wala usimshawishi. Mtake aeleze kwa usahihi ushahidi uliopo na wataalamu wanausomaje. Mimi nikisahihisha, maksi nampa kwa maelezo hayo, na imani yake siiulizi.