Kuvua besi usiku kwa chambo cha juu ya maji, kwa wanaoanza

Kila joto likianza naulizwa swali lilelile na ndugu zetu waliohamia huku Dallas na miji ya jirani, wameona watu wanapakia fimbo kwenye gari saa tatu usiku wanaelekea ziwani, sasa wanauliza huyo samaki, besi (largemouth bass, mwindaji wa maji yasiyo na chumvi), anaonaje chambo cha bandia kinachopitishwa juu ya maji gizani. Swali zuri sana, maana ukishalielewa hilo mengine yote yanafuata, kuanzia chambo gani ununue mpaka unavyozungusha rili, kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo.

Kwanza kwa nini usiku. Texas mashariki kuanzia Juni mpaka Septemba maji ya juu yanapita nyuzi 30 za Selsiasi mchana, besi wakubwa wanashuka chini au wanajificha ndani ya majani na chini ya gati, halafu boti na jetski zimejaa kila kona. Jua likizama wanapanda kwenye maji mafupi kuwinda visamaki vidogo. Ziwa Fork ambalo ni kama saa moja na nusu mashariki ya Dallas ndo linalojulikana zaidi, rekodi ya besi ya Texas ilitoka pale 1992, pauni 18.18, lakini hata vibwawa vya mtaani kwenu vina besi na usiku wanafanya mambo yaleyale.

Sasa gizani besi anatumia vitu viwili. Ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji, na anasikia, kwa hiyo anajua kuna kitu kinapita kabla hajakiona. Halafu akikaribia anatazama juu, na mbingu hata usiku wa giza ina mwanga zaidi kidogo kuliko maji, kwa hiyo anachoona ni kivuli cheusi kinachotembea juu yake. Ndo maana wazoefu wanarusha chambo cheusi usiku, watu wanashangaa, mtu anasema si ningeweka cheupe kionekane, hapana, cheusi ndicho kinachokata kivuli vizuri ukikitazama kutoka chini. Mi nikienda usiku nabeba vyeusi tu na sioni sababu ya kubeba rangi nyingine, mbalamwezi iwepo isiwepo.

Na kwa sababu anafuata mtikisiko, anahitaji kupiga hesabu kitu kitakuwa wapi akifika. Chambo kikienda mwendo mmoja hesabu inakubali. Kikisimama, kikaruka, kikageuka, anapiga maji matupu na wewe unasikia kishindo kikubwa halafu hamna kitu. Hili nalisisitiza kwa kila anayeanza kwa sababu video nyingi za kuvua juu ya maji ni za mchana, zinafundisha vuta, simamisha, tikisa, subiri. Usiku hizo mbwembwe ziache, zungusha polepole na usibadilishe mpaka chambo kifike miguuni.

Kwa hiyo chambo cha kwanza kununua ni kile chenye kelele yake chenyewe, wewe kazi yako iwe kuzungusha tu. Kwangu mimi ni Jitterbug, kipo sokoni tangu miaka ya 1930 na bado hakijapata mpinzani kwa mtu anayejifunza. Kina kibati kipana mbele kama midomo miwili, ukivuta kinayumba kushoto kulia kinatoa plop plop plop, na hiyo sauti ndo mwalimu wako, maana kwenye giza hukioni lakini unakisikia. Sauti ikiwa sawasawa mwendo uko sawa. Ikikatika ghafla umezungusha haraka kinateleza tu juu, au kimebeba majani, kirudishe ukisafishe. Chukua cha robo tatu ya wakia au kidogo chini ya hapo, cheusi, na rili isiwe ya kasi sana, zile za uwiano wa 5 au 6 kwa 1 zinatosha, yaani ukizungusha mkono mara moja uzi unajikunja mara 5 au 6. Zungusha mkono takribani mara moja kwa sekunde halafu sikiliza.

Ukishazoea ongeza Whopper Plopper, kile chenye mkia unaozunguka, saizi ya 110 nyeusi. Kina kelele nzito zaidi na kinafaa kukiwa na upepo kidogo na mawimbi madogo ambayo yanameza sauti ya Jitterbug. Cha tatu ni bazibeti, yenye pangaboi la bati na ndoano moja, hii inapita kwenye majani bila kunasa ovyo, ila inazama ukisimamisha kwa hiyo anza kuzungusha rili kabla haijagusa maji, fimbo juu. Chura wa plastiki mwenye tumbo tupu ndani ni kwa pale majani yamefunika maji kabisa. Popa, zile zenye mdomo uliobonyea zinazorusha maji ukizivuta, na zile za kutembea zigizaga kama Zara Spook ni vyambo vizuri mno lakini viache kwa magharibi na alfajiri wakati samaki bado anaona, au usiku wa mbalamwezi kali maji yametulia kama kioo.

Uzi, hapa wengi wanauziwa vibaya dukani. Uzi wa flurokaboni unazama, utavuta pua ya chambo chini na kuua mwendo wake. Tumia mono, ule uzi wa nailoni wa kawaida, ya kuhimili pauni 15 mpaka 20, inaelea vya kutosha na inanyumbuka kidogo, na huko kunyumbuka kunakusaidia usimnyang'anye samaki chambo mdomoni. Uzi wa kusuka wa pauni 40 au 50 ni mzuri kwa bazibeti na chura kwenye majani, lakini kwenye chambo chenye ndoano za miiba mitatu ufunge na kipande cha mono mbele. Fimbo ya futi 7, isiwe ngumu kama mti.

Tuje kwenye kishindo, maana hapa ndo samaki wanapotea. Umekaa kimya, plop plop plop, ghafla maji yanapasuka kama mtu ametupa tofali, na mwili wako wenyewe utataka kuvuta fimbo. Usivute. Besi anaweza kuwa amekosa, au amekisukuma tu, na ukivuta unamwondolea, tena mbaya zaidi chambo chenye ndoano sita kinarudi kwa kasi kuelekea usoni kwako na hukioni kinakuja. Endelea kuzungusha vilevile mpaka usikie uzito kwenye fimbo, fimbo inapinda yenyewe, hapo ndo unavuta kwa kuzungusha kiuno pembeni, sio kuinua juu kuelekea kichwani. Na vaa miwani ya wazi usiku, ile ya kinga inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi inatosha kabisa.

Sehemu ya kuvulia ifahamu mchana. Nenda jua likiwa bado lipo, angalia majani yanaishia wapi, kisiki kiko wapi, gati lipi lina taa, rusha mara kadhaa ujue umbali, kisha kaa hapohapo usiku. Sehemu mbili tatu unazozijua ni bora kuliko kuzunguka ziwa zima gizani. Rusha sambamba na ukingo wa majani, usirushe kuelekea katikati ya maji, samaki wapo pembeni, wengine hatua chache tu kutoka ulipo, na hiyo ndo sababu tochi haimulikwi majini. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, geuka nyuma unapofunga uzi, zima. Na kwenye uzi juu ya chambo pale kama sentimita 30 funga kifundo kidogo cha uzi mwingine, kikigonga pete ya mwisho ya fimbo unajua chambo kimefika, usiendelee kuzungusha mpaka kigonge ncha na kuivunja.

Mambo ya sheria msiyachukulie kirahisi, hasa nyie ambao karatasi zenu bado zinashughulikiwa. Leseni ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, inatoka Texas Parks and Wildlife, idara ya jimbo ya hifadhi na wanyamapori, unanunua hata mtandaoni. Ukivulia ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo (state park) leseni haihitajiki, ila wageni wa mchana wanatakiwa kuondoka usiku kwa hiyo lipia sehemu ya kambi. Ziwa Fork lina kanuni yake, besi wa inchi 16 mpaka 24 hachukuliwi, anarudi majini, kwa hiyo beba rula. Kwenye boti usiku taa nyekundu na kijani mbele na nyeupe nyuma lazima ziwake, laifujaketi nashauri ivaliwe na kila mtu sio watoto tu, na Fork imejaa miti mikavu iliyosimama majini, endesheni taratibu. Ukingoni kuna nyoka wa majini mwenye sumu, mdomo wake mweupe ndani, vaa buti na mulika unapokanyaga.

Walio nyumbani Naivasha, huyu ndiye besi wenu yuleyule aliyepelekwa pale 1929 kutoka Marekani, lakini haya ya usiku msiyahamishie huko kabisa, usiku ndo wakati kiboko anatoka kwenda kula nyasi na njia yake ni huohuo ukingo mnaotaka kusimama. Huko vueni alfajiri mkiwa na mtu anayelijua ziwa, na hapo popa na zigizaga zitafanya kazi vizuri sana.

Sasa akikosa chambo kabisa ufanyeje. Usikimbilie kurusha tena kwa kasi. Kama bado kipo majini kiendelee na mwendo uleule, mara nyingi anarudi mita mbili mbele. Kama kimefika, rusha kupita pale alipopiga, mita tatu au nne nyuma yake, ili kishindo cha kuangukia kisimtishe, kisha kilete juu yake kwa sauti ileile. Akikosa tena ndo unachukua fimbo ya pili uliyoiandaa kabla, yenye mnyoo wa plastiki mweusi, inchi 10, na kirisasi kidogo cha kuuzamisha, unaudondosha palepale na kuuacha uzame wenyewe bila kuuvuta. Shika uzi kwa vidole. Ukisikia umegongwa kidogo au uzi umelegea kabla mnyoo haujafika chini, kaza uzi uvute, na hapa unavuta kwa nguvu.