Nayasini, ngozi kuwaka na mafuta ya damu: kwa ndugu anayemuuguza mdogo wake mwenye skizofrenia

Mkuu, umeuliza kama umpe mdogo wako nayasini, yaani vitamini B3, uhakikishe kama kweli ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwa kuangalia kama ngozi yake inawaka, na papo hapo umshushe mafuta ya damu. Namuuguza kaka yangu mwenye ugonjwa huo kwa miaka mingi sasa. Jibu langu ni usimpe.

Habari ya ngozi yenyewe ni ya kweli. Ukimeza nayasini ya kutosha, uso na kifua vinawaka moto na kuwasha. Chembe za ngozi huachia asidi ya arakidoniki, ambayo ni mafuta ya kwenye kuta zake, nayo hugeuka prostaglandini zinazotanua mishipa midogo ya damu. Baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia hawawaki, au huwaka kidogo sana. Mtafiti mmoja, David Horrobin, alishikilia kwamba kasoro iko kwenye mafuta ya kuta za chembe mwili mzima, hadi kwenye ubongo. Lakini utafiti wa Marekani wa 2016 ulikuta hali hiyo ya kutowaka vizuri kwa wagonjwa kama 31 tu kati ya 100, na kwa watu wazima wa afya kama 8 kati ya 100. Kwa hiyo wagonjwa wengi wanawaka kama wewe na mimi. Tena watafiti wale walipima mtiririko wa damu kwa mashine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwa macho. Halafu vidonge vingi vya B kompleksi madukani vina nikotinamaidi, ambayo haimuwashi mtu yeyote. Utamwona katulia, uanze kumhukumu bure.

Kuhusu mafuta, ni kweli nayasini inashusha lehemu (kolesteroli), na hilo limejulikana tangu 1955. Ila jaribio kubwa lililotolewa 2014, lenye watu zaidi ya 25,000 waliokuwa tayari wanatumia statini, yaani dawa za kushusha lehemu, halikuonyesha kupungua kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi. Kilichoongezeka ni kisukari. Na kisukari ndicho cha kuogopa kwa hawa ndugu zetu, kwa sababu olanzapini na klozapini, dawa za skizofrenia, zenyewe zinavuta uzito, sukari na mafuta.

Kaka alipoanzishiwa olanzapini sauti zilitulia, tukamshukuru Mungu. Ila njaa! Usiku wa manane namkuta jikoni anakwangua ukoko wa ugali sufuriani, na suruali zote zikawa hazifungi kiunoni. Kliniki waliuliza habari za sauti na usingizi tu, wakampa dawa za mwezi. Mimi ndiye niliyeomba apimwe, asubuhi kabla hajala. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zilikuwa juu mno. Daktari akambadilishia dawa taratibu, na nyumbani tukaacha soda kabisa. Hili linaniuma, maana wagonjwa hawa wanakufa mapema kuliko wenzao, na sehemu kubwa ni moyo.

Kwa hiyo hela ya nayasini ilipie vipimo: sukari, lehemu, trigliseridi. Presha, uzito na mzunguko wa kiuno viandikwe kwenye kadi kila mkienda. Dawa usimwachishe mwenyewe hata majibu yakiwa mabaya. Peleka karatasi kwa daktari aamue. Sasa tuambie anatumia dawa gani na lini alipimwa sukari mara ya mwisho.